Nani Aliinua Kope?

Majuma mawili yaliyopita, baada ya kipindi cha mwisho cha semina, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu alibaki nyuma akikusanya madaftari yake taratibu mno, kama afanyavyo mtu mwenye swali lisilohusu mtihani. Alikuwa amesikia kwa wenzake kwamba mimi, mtu wa nadharia za dola na jamii, hutazama kila mwaka filamu ileile ya kutisha, tena ya Kirusi, yenye mchawi anayefufuka jenezani. Akaniuliza kwa adabu: "Samahani Dokta, mtu aliyesoma kama wewe anapata nini humo?" Nikamjibu kwa mzaha kwamba hata wenye shahada za uzamivu huhitaji kutishwa mara moja moja. Aliondoka akicheka. Jibu lile halikuwa la kweli, na tangu siku hiyo limenikaa kooni. Msomaji wangu, leo naomba nilijibu swali la kijana yule kama lilivyostahili kujibiwa.

Filamu yenyewe inaitwa Viy. Ilitengenezwa na studio ya Mosfilm mwaka 1967, ikaongozwa na Konstantin Yershov na Georgi Kropachyov, na hutajwa mara nyingi kuwa miongoni mwa filamu za kwanza za kutisha kutolewa katika Umoja wa Kisovyeti, dola ambayo itikadi yake rasmi haikuwa na nafasi ya mizimu wala mapepo. Chanzo chake ni hadithi ya Nikolai Gogol, mwandishi aliyezaliwa Ukraine mwaka 1809 na kuichapisha hadithi hiyo kwa Kirusi mwaka 1835. Si filamu ndefu. Haifiki hata dakika 80.

Kisa chake ni hiki. Khoma Brut, mwanafunzi wa seminari ya Kiev, anapotea njia wakati wa likizo pamoja na wenzake wawili, wakaomba hifadhi kwa ajuza mmoja. Usiku ajuza anamwendea, anampanda mgongoni kama mtu apandavyo punda, na kuruka naye angani. Khoma anasali mpaka wanashuka, kisha anashika gongo na kumpiga ajuza yule kwa nguvu zake zote. Anapomtazama tena anaona msichana mzuri amelala pale chini, hoi. Khoma anakimbia. Siku chache baadaye anaamriwa aende nyumbani kwa tajiri mmoja, mkuu wa kikosi cha Wakosaki, ambaye binti yake ameaga dunia baada ya kurudi nyumbani akiwa amepigwa vibaya. Kabla ya kukata roho binti alimtaja Khoma kwa jina: huyo, na si mwingine, amsomee sala kanisani kwa muda wa usiku tatu. Akikamilisha atalipwa vipande 1,000 vya dhahabu. Akitoroka ataonja mijeledi.

Usiku wa kwanza maiti inainuka. Khoma anajichorea duara kwa chaki, na maiti haiwezi kulivuka wala kumwona aliyemo. Usiku wa pili jeneza linaruka hewani. Usiku wa tatu maiti inaita majitu ya kila sura, na mwishowe linaletwa jitu moja zito, linalotembea kwa taabu, kope zake zimeshuka mno hata haliwezi kuona. Hilo ndilo Viy. Linataka liinuliwe kope. Majitu mengine yanaziinua, Khoma anashindwa kujizuia na kulitazama, nalo linamnyooshea kidole. Hapo duara linakoma kuwa kinga. Jogoo anapowika Khoma amekwisha kufa, na ndani ya jeneza yule msichana mzuri hayupo; amelala ajuza.

Niliiona filamu hii kwa mara ya kwanza mapema mwaka 1999 huko Nyarugusu, Geita, nikiwa na umri wa miaka 19. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Shinyanga, nikisubiri matokeo, na mjomba wangu aliyekuwa na hisa katika duara moja alinichukua nikamsaidie. Msomaji asiye mwenyeji wa huko ajue kwamba duara, katika lugha ya wachimbaji wadogo, ni shimo la dhahabu. Geita wakati huo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Ilikuja kuwa mkoa mwaka 2012. Mgodi mkubwa wa wawekezaji ulikuwa katika matayarisho na ulianza uzalishaji mwaka 2000. Sisi tulikuwa watu wa nyundo, patasi, kamba na tochi. Kwa kuwa nilijua kuandika, kazi yangu ilikuwa kuhesabu viroba vya mawe vinavyotoka shimoni, kuvisindikiza hadi kwenye karasha, na kukaa mwaloni mpaka unga wa mawe uoshwe, uchanganywe na zebaki kwa mikono mitupu, na kile kidonge kidogo kichomwe mpaka kibaki cha manjano.

Ni mahali ambapo watu wawili huchimba mita chache kutoka kila mmoja, wakitumia zana zilezile na jasho lilelile, na mmoja akatoka na gari huku mwenzake akitoka na deni. Akili ya binadamu haistahimili jambo la namna hiyo bila sababu. Kwa hiyo kila duara lilikuwa na mganga wake na masharti yake. Wapo waliokatazwa kuoga siku za kuteremka, wapo waliokataza mwanamke asikaribie mdomo wa shimo, wapo waliochinja kuku mweupe, wapo waliochinja mweusi. Mjomba wangu, mtu mwerevu aliyejua kukadiria mwelekeo wa mwamba kwa macho, hakuwahi kuteremka bila kuzungumza kwanza na mganga wake.

Usiku tulikwenda kwenye banda la video: turubai, mabenchi ya mbao, luninga moja na jenereta iliyonguruma nyuma. Mwenye banda alisema kanda ile aliipata Mwanza kwa rubani mmoja wa ndege za samaki. Jambo hilo halikumshangaza mtu. Katika miaka ile ndege kubwa aina ya Ilyushin, zikiendeshwa na Warusi na Waukraine, zilitua Mwanza kubeba minofu ya sangara kuipeleka Ulaya. Dunia nzima ilikuja kuwaona marubani hao katika filamu ya Hubert Sauper iitwayo Darwin's Nightmare ya mwaka 2004. Kanda haikuwa na tafsiri yoyote. Lakini banda lilikuwa na msimulizi, kijana wa Kahama mwenye sauti nzito, aliyeifanya kazi ileile iliyompa Lufufu umaarufu nchini: kusimama kando ya luninga na kuwapa wazungu maneno ya Kiswahili.

Kijana yule hakujua neno hata moja la Kirusi, na sisi pia hatukujua. Alisimulia alichokiona. Khoma akawa Masanja. Tajiri mwenye binti akawa mwenye duara. Alipoona Masanja anakubali kufungiwa na maiti, akatuambia bila kusita kwamba ameahidiwa dhahabu, kwani ni kitu gani kingine kingemfanya mtu mwenye akili timamu alale na maiti? Banda zima likapiga makofi. Nani kati yetu hakuwa amefungiwa mahali penye giza kwa ahadi hiyohiyo?

Lilipoingia lile jitu zito, watu wakaacha kucheka. Msimulizi akasema polepole, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kisukuma: "Huyu sasa ndiye mganga mkuu. Macho yake yamelala. Haoni kitu mpaka mtu amwinulie kope." Tukaona kope zinainuliwa. "Haya, amekwisha inuliwa. Sasa anaonyesha." Kidole kikanyooka, na majitu yakamwangukia Masanja. Kisha jogoo, kisha alfajiri, kisha kamera ikaonyesha jenezani. Msimulizi alinyamaza kwa muda, nadhani kwa sababu hakuwa ametayarisha neno. Akasema tu: "Kumbe ni bibi."

Nilitoka nje. Nilikaa nyuma ya banda karibu na jenereta, mikono ikinitetemeka, mpaka mjomba akaja kunitafuta akidhani nimeshikwa na malaria.

Mwaka 1990 nilikuwa na miaka kumi, tukiishi katika kijiji kimoja cha Shinyanga Vijijini. Baba yangu mkubwa alifiwa na mtoto mchanga, wa tatu katika muda wa miaka miwili. Wawili wa kwanza walizikwa kwa machozi. Huyu wa tatu alizikwa kwa kimya cha namna nyingine. Baba mkubwa akafunga safari kwenda kupiga ramli mbali, kwa mganga asiyetufahamu. Aliporudi tulikuwa tumekaa kikomeni usiku, wakubwa kwa wadogo. Akatueleza aliyoambiwa: adui ni mwanamke, ni jirani, nyumba yake iko upande jua linakozama, na macho yake ni mekundu. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetega kitendawili: "Sasa ni nani huyo hapa kijijini?"

Nilikuwa wa kwanza darasani mwaka ule. Nilizoea kunyoosha mkono kabla ya wenzangu. Nikajibu: "Bibi wa mkwajuni."

Hakuna aliyenisifu, wala hakuna aliyenikemea. Mama alinitazama, kisha akarudisha macho kwenye chungu. Baba mkubwa alitikisa kichwa, na mazungumzo yakahamia kwenye pamba. Siku zisizozidi kumi na mbili baadaye watu wasiojulikana waliingia usiku nyumbani kwa bibi wa mkwajuni wakiwa na mapanga. Asubuhi watoto tulikatazwa kwenda. Mimi nilikwenda. Sitaeleza nilichokiona, isipokuwa kimoja: kando ya mafiga yake kulikuwa na rundo la kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, limepangwa vizuri kama matofali, tayari kwa moto wa siku hiyo.

Rundo lile ndilo lililokuwa maelezo kamili ya macho yake. Nchi ya Usukuma ilifyekwa misitu yake kwa miongo mingi: kwanza katika vita dhidi ya mbung'o wakati wa ukoloni, kisha kwa ajili ya mashamba ya pamba, kuni na malisho. Hali ilikuwa mbaya hata mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, uliohimiza wananchi kurudisha ngitili zao. Penye uhaba wa kuni mwanamke hupikia mabua na kinyesi cha ng'ombe, ndani ya nyumba isiyo na dirisha la maana, mara mbili kwa siku, kwa miaka hamsini. Macho hayawezi kubaki meupe. Mama yangu mwenyewe alipotimiza miaka sitini macho yake yalikuwa mekundu. Niliposafiri kumpelekea jiko la gesi alifurahi sana, akawaonyesha majirani mapenzi ya mwanawe. Sikumwambia kwamba nililinunua kwa hofu.

Wasomi wetu wameyachunguza mambo haya muda mrefu. Marehemu na walio hai wanaofundisha sosholojia nchini hawawezi kuyazungumza bila kumtaja Simeon Mesaki, ambaye tasnifu yake ya mwaka 1993 ilihusu mauaji haya ya Usukumani. Takwimu za serikali zilizotumika katika maandishi yake zinaonyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wanawake 2,286 na wanaume 1,407, na kwamba takribani theluthi mbili ya vifo hivyo vilitokea Usukumani. Miongoni mwa mambo anayoyahusisha na ongezeko hilo ni Operesheni Vijiji ya mwaka 1974. Zamani Msukuma aliishi katika boma lake, mbali na jirani. Aliyemshuku mwenzake alihama. Tulipokusanywa vijijini, shuku na mshukiwa wakawekwa kwenye mstari mmoja wa nyumba, na mlango wa kuhama ukafungwa.

Dola nayo imekuwa na mikono yake katika hadithi hii. Sheria ya Uchawi tuliyonayo ilitungwa na Waingereza mwaka 1928, na ndani yake mkuu wa wilaya amepewa uwezo wa kumwamuru mshukiwa wa uchawi akaishi mahali fulani. Yaani sheria iliyokusudiwa kuukomesha uchawi inajua namna ya kumhamisha mshukiwa. Mwaka 1976 ilifanyika operesheni ya kuwasaka wauaji katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Watuhumiwa waliteswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa waliowakamata. Mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu kwa sababu ya vifo hivyo, na hadi leo kujiuzulu kule kunatajwa kama mfano wa uwajibikaji. Ni mfano mwema kweli. Lakini nawaomba wanafunzi wangu watazame pia upande wa pili wake: ili kuwapata watu waliowashuku bibi vizee na kuwaua bila ushahidi, tuliwashuku watu na kuwaua bila ushahidi.

Kisha yakaja mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, nayo yalishika sana Kanda ya Ziwa, katika ukanda huuhuu wa dhahabu na samaki, ambako bahati hutafutwa kwa pupa. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitokwa na machozi Bungeni akilizungumzia jambo hilo. Januari 2015 Waziri wa Mambo ya Ndani, Mathias Chikawe, alitangaza marufuku dhidi ya waganga wapiga ramli. Machozi yalikuwa ya kweli na marufuku ilikuwa na nia njema. Hata hivyo nauliza: je, mganga ndiye chanzo? Rudi kwenye filamu. Viy haoni. Ni mzito, ni mzee, hajui aliyemo ndani ya duara ni nani. Bila mikono ya wengine kope zake hazinyanyuki. Mganga aliyempokea baba yangu mkubwa hakuwahi kufika kijijini kwetu. Alitoa maelezo ambayo katika kijiji chochote cha Shinyanga yangewaangukia wanawake wanne au watano. Alihitaji mtu wa kuyaunganisha maelezo hayo na jina. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Hicho ndicho kilichonitoa bandani usiku ule. Kijana wa Kahama, bila kujua Kirusi, alikuwa amenieleza maisha yangu.

Miaka kumi na mmoja baadaye nilikuwa Ujerumani kwa masomo ya uzamivu. Majira ya baridi, jioni inapoanza saa kumi, nilizoea kukaa maktaba ya chuo na kutazama filamu za zamani bila mpangilio. Jioni moja nikaiona tena, safari hii ikiwa na tafsiri iliyoandikwa chini ya picha. Nilishangaa kugundua kwamba msimulizi wetu alikuwa amepatia kwa kiasi kikubwa. Dhahabu aliyoibuni ilikuwamo kweli. Maneno ya kuinuliwa kope yalikuwamo kweli. Nilikwenda kumtafuta Gogol mwenyewe rafuni, na hapo nikakutana na jambo ambalo kijana wa Kahama hakulijua. Hadithi inamalizika na marafiki wawili wa Khoma wakinywa na kumkumbuka. Mmoja wao anasema Khoma alikufa kwa sababu aliogopa. Kisha anamalizia kwa utani kwamba pale Kiev wanawake wote wanaokaa sokoni ni wachawi.

Ni utani mzuri, na msomaji wa Ulaya huufunga ukurasa akitabasamu. Mimi niliukumbuka mnada wa kijijini kwetu, wanawake wazima wamekaa chini na mafungu yao ya viazi na michembe, wakikodoa macho mekundu kwenye jua.

Hapa ndipo swali la mwanafunzi wangu linapokuwa gumu kuliko alivyodhani. Filamu hii haina shaka kwamba ajuza ni mchawi. Anaruka angani, anafufuka, anaita majitu. Ukiipima kwa mantiki ya kisa chenyewe, iko upande wa baba yangu mkubwa. Kwa nini basi mtu aliyelelewa mahali ambapo imani hiyo inaua aipende?

Sehemu ya jibu ni ya kawaida, na sioni haya kuikiri. Hofu ni chakula cha moyo wa binadamu, na filamu ya kutisha hutugawia kwa kipimo, kisha taa zikawashwa tukarudi nyumbani salama. Pale bandani wachimbaji waliokuwa wakiteremka kila siku kwenye shimo linaloweza kufukia watu walilipa kiingilio ili waogope kitu kisichoweza kuwafukia. Hilo ni pumziko.

Sehemu ya pili ni kwamba Khoma si mtu mbaya. Ni mcheshi, anapenda kula na kunywa, anapenda nyimbo, angeweza kuwa rafiki yangu. Alimpiga ajuza kwa woga, akakimbia, akarudi kwenye maisha yake akitumaini jambo limekwisha. Wauaji wa bibi wa mkwajuni hawakuwa na pembe. Naamini baadhi yao walihudhuria mazishi na kubeba mchanga.

Sehemu ya tatu ndiyo inayonirudisha kwenye filamu hii kila mwaka. Maiti haimtaki kasisi mwenye cheo wala mtakatifu. Inamtaja aliyempiga, kwa jina lake, na kumtaka akae naye usiku tatu mlango ukiwa umefungwa. Nimetazama filamu zetu pia. Nilikuwa miongoni mwa waliozigombania Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi zilipotoka, na nilizifurahia. Lakini nyingi nilizozitazama humalizika kwa nguvu za giza kufukuzwa na mwombaji au mganga aliye hodari zaidi, watu wakashukuru, jambo likaisha. Viy inakataa kuisha namna hiyo. Inasema aliyeuawa ana deni, na deni lenyewe halilipwi kwa fedha wala kwa operesheni. Anayedaiwa anatakiwa akae karibu na maiti na kuitazama. Kijijini kwetu hakuna aliyekamatwa, hakuna aliyeshitakiwa, hakuna aliyekaa. Nyumba ya mkwajuni ilibomoka kwa mvua, na mimi nikaenda sekondari, nikaenda Geita, nikaenda chuo kikuu, nikaenda Ujerumani. Elimu ndiyo iliyokuwa chaki yangu. Nilijichorea duara kubwa la vitabu, na kwa miaka mingi hakuna aliyeniona ndani yake.

Desemba iliyopita, nilipokwenda kumsalimia mama, niliamua kutoka ndani ya duara hilo. Mtoto wa kiume wa bibi wa mkwajuni yu hai, mzee sasa, anaishi upande wa pili wa mto. Nilikwenda peke yangu asubuhi. "Mwangaluka, baba," nikamwamkia. Akaitikia, akaagiza kiti, mkewe akaleta maziwa mgando. Tukazungumza habari za mvua na za mama yangu. Mwishowe nikamweleza, kama nilivyowaeleza ninyi: ramli, kikome, swali, na jina lililotoka kinywani mwangu. Nilipomaliza sikuweza kuinua uso.

Hakunyanyuka wala hakupaza sauti. Alikaa muda mrefu akimtazama ndama aliyefungwa kwenye nguzo. Kisha akaniuliza: "Unayakumbuka majaruba ya bondeni?" Nilikumbuka. Yalikuwa majaruba ya mpunga, mazuri kuliko yote pale, mama yake aliyoachiwa na mumewe. "Nani anayalima leo?" Nikanyamaza, kwa kuwa wanaoyalima ni watoto wa baba yangu mkubwa, na katika miaka yangu yote ya kufundisha nadharia za ardhi na mamlaka sikuwahi kujiuliza waliyapataje. Akasema: "Jina walikuwa nalo kabla hawajaenda kwa mganga. Walitaka tu litoke kwa mtu asiye na hatia." Baadaye akaongeza, bila ukali: "Umechelewa kuja. Lakini umekuja. Kunywa maziwa."

Nilikunywa. Sijui kama nilisamehewa. Hakulitumia neno hilo, nami sikuliomba. Nilirudi nyumbani nikamweleza mama habari za majaruba, naye akasema alijua. Mwezi huu nimeanza kuzungumza na binamu zangu. Mazungumzo si mazuri. Mmoja wao ameniambia kwamba usomi umeniharibu na kwamba nataka kufukua makaburi. Nimemjibu kwamba kaburi lenyewe halikuwahi kufungwa.

Kwa hiyo, kijana wangu wa mwaka wa tatu, hicho ndicho ninachokipata humo. Siku nyingine utakaposikia kwamba watu wa Shinyanga au Geita wameua kwa sababu ya imani za kishirikina, usiridhike na sentensi hiyo, hata ikiwa imeandikwa na mtu mwenye shahada kama yangu. Uliza nani alikuwa na shamba. Uliza nani alitaka duara lianze kutoa. Uliza sheria ilikuwa wapi, na kuni zilikwenda wapi. Na utakapofika mbele ya lile jitu zito lililonyoosha kidole, usipoteze muda wako wote kubishana kama lipo au halipo. Angalia mikono iliyoshika kope zake.